Hendipaleti, staka au foklifti? Maswali ya wenye maghala wa Nyanda za Juu Kusini

Nimesimamia maghala Mbeya mjini, Mbarali na Makambako: mchele, mahindi, mbolea, na miaka ya karibuni parachichi. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa kila msimu na watu wanaotaka kuacha kubebesha kila kitu mabegani mwa vijana. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu tuliyesimama naye mlangoni mwa ghala lake.

Nina ghala dogo la mchele. Ninunue kifaa gani kwanza?

Kabla ya kifaa, tazama sakafu. Wengi huanza na bei, wananunua, halafu mashine inalala kwenye kona mwaka mzima kwa sababu sakafu haiipitishi.

Chukua ndoo ya maji, mwaga katikati ya ghala, uangalie. Maji yakikimbilia upande mmoja, una mteremko, na mzigo wa tani moja juu ya magurudumu utakimbilia upande huohuo. Yakituama kwenye vidimbwi, una mabonde. Yakipotea kwenye nyufa, hizo nyufa ndizo adui yako mkubwa.

Nasema hivi kwa uchungu. Msimu mmoja wa mavuno tulikuwa tumekodi ghala, na vijana watatu walikuwa wakivuta kwa hendipaleti, yaani jeki ya magurudumu inayovutwa kwa mkono, paleti (jukwaa la mbao la kupangia mzigo) yenye magunia ishirini ya mchele, kilo hamsini kila moja. Gurudumu la mbele la hendipaleti, ambalo kipenyo chake ni sentimita nane hivi tu, likaingia kwenye ufa usiozidi upana wa vidole viwili. Paleti ikasimama ghafla, magunia ya juu yakaendelea mbele. Moja likatua juu ya mguu wa kijana aliyekuwa anavuta. Hakuvunjika, lakini alikaa nyumbani wiki tatu. Ufa ule ungezibwa kwa mfuko mmoja wa saruji na kazi ya asubuhi moja, na mimi nilikuwa nauruka kila siku nikipita.

Kwa hiyo: ziba nyufa, sawazisha kizingiti cha mlango, kisha nunua hendipaleti moja nzuri. Kwa ghala la kawaida la mfanyabiashara wa Mwanjelwa au Ubaruku, hiyo pamoja na paleti thelathini au arobaini itakusaidia kuliko foklifti chakavu.

Hendipaleti inabeba kiasi gani?

Za kawaida hubeba kilo 2,000 hadi 2,500, na zipo za kilo 3,000. Meno yake, vile vyuma viwili vinavyoingia chini ya paleti, yakiwa chini yana urefu wa milimita 85 hivi kutoka sakafuni, ukipampu mpini yanapanda hadi karibu milimita 200. Kazi yake inaishia hapo: inanyanyua mzigo utoke sakafuni na kuuhamisha. Haipangi juu.

Uwezo wa kubeba na uwezo wa kuvuta ni vitu viwili. Chuma kitahimili kilo 2,500, lakini mtu mmoja kuvuta kilo 2,500 kwenye zege la kawaida ni kumuumiza mgongo. Mimi naweka kikomo cha tani moja kwa mtu mmoja kwenye sakafu nzuri, na juu ya hapo wawili: mmoja mpinini, mmoja nyuma. Kwenye mteremko hendipaleti ya mkono isitumike kabisa. Nyingi hazina breki, na mzigo ukianza kukushinda hakuna cha kuushikia.

Ukiulizwa dukani magurudumu gani, ya nailoni yanateleza kirahisi lakini yana kelele na yanakula sakafu. Ya poliyurethani ni mazito kidogo kuvuta ila yanashika vizuri na hayapasui zege. Kwa sakafu zetu nachukua poliyurethani.

Kuna paleti hendipaleti yangu inagoma kuingia. Tatizo ni jeki au paleti?

Ni paleti. Ziko zenye mbao za chini zinazopita kukatiza njia ya meno upande mmoja, na ziko zenye uso wa mbao juu na chini pia. Meno yanaweza kuingia, lakini magurudumu madogo ya mbele yanahitaji nafasi ya kushuka yaguse sakafu. Yakikanyaga ubao badala ya sakafu, ukipampu unaubandua ule ubao wa chini badala ya kunyanyua mzigo. Ukisikia mlio wa misumari inachomoka, acha kupampu papo hapo.

Paleti zinazoingilika pande zote nne ni bora ukiwa na njia nyembamba. Na ukizitengenezesha kwa fundi wa mbao, mpelekee hendipaleti yenyewe aipime. Nimeona paleti mia moja nzuri za kutazama, zote zimeachiwa uwazi mfupi kuliko meno.

Ni lini nahitaji staka?

Pale unapotaka kupanda juu na huna nafasi wala mzigo wa kutosha kwa foklifti. Staka ni kama hendipaleti iliyoota mlingoti. Ya mkono, unapampu kwa mguu au mpini, kwa kawaida hubeba tani moja na kuinua hadi mita 1.6 hivi: inatosha kuweka paleti juu ya paleti, au kupandisha mzigo kwenye bodi ya Fuso. Ya umeme hupanda mita tatu na zaidi, na mwendeshaji hutembea nyuma yake.

Naipenda sana staka ya umeme kwa maghala ya mjini, kwa sababu inageukia kwenye njia ambayo foklifti isingeingia hata robo. Ila ina miguu miwili inayotangulia chini ya mzigo, hivyo paleti yenye mbao za chini kukatiza inaigomea vilevile. Na haifai nje. Kokoto moja ya ukubwa wa punje ya harage inatosha kuisimamisha.

Foklifti imeandikwa tani 2.5. Je, naweza kubeba tani 2.5 ya chochote?

Hapana, na hapa ndipo foklifti nyingi zinapoinuka matako.

Foklifti ya kawaida hufanya kazi kama bembea ya ubao ya watoto, ile ambayo mmoja akishuka mwenzake anapanda. Magurudumu ya mbele ndiyo egemeo, mzigo uko upande mmoja, na chuma kizito cha nyuma kiko upande wa pili. Ile tani 2.5 iliyoandikwa kwenye bamba ni kwa mzigo ambao kitovu chake cha uzito kiko milimita 500 kutoka kwenye shina la meno, yaani mzigo wenye kina cha mita moja uliosogezwa mpaka ukagusa mgongo wa meno. Ukibeba kreti yenye kina cha mita 1.4, kitovu kinasogea hadi milimita 700, na uwezo unashuka kuelekea kilo 2,000. Ukiacha pengo la mkono mmoja kati ya mzigo na mgongo wa meno kwa sababu ya uvivu wa kusogea, umepunguza uwezo vilevile.

Na kadiri unavyoinua juu, uwezo hupungua. Kifaa chochote cha ziada kilichofungwa mbele, kama kile cha kusogeza meno kushoto na kulia, kinapunguza pia. Yote haya yako kwenye bamba la mashine. Foklifti isiyo na bamba, au yenye bamba lililopakwa rangi likafutika, isiguse mzigo mpaka lipatikane jingine.

Dereva mmoja Makambako aliwahi kuniambia, "Bosi, matako yakiinuka tunapandisha watu wawili nyuma, inatulia." Nilimsimamisha kazi siku hiyo. Hao wawili wangekuwa wa kwanza kufa.

Ninunue ya dizeli, ya gesi au ya umeme?

Inategemea unahifadhi nini, na uko juu kiasi gani.

Dizeli ni farasi wa uwanjani: mbao, saruji, mbolea, kontena. Mafuta yanapatikana kila mahali, mafundi wapo. Lakini kumbuka mwinuko wetu. Injini ya dizeli isiyo na tabochaja (pampu ya kuisukumia injini hewa) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi, Njombe juu zaidi. Mashine iliyokuwa inapanda rampu kwa wepesi bandarini Dar es Salaam, hapa itakohoa na kutoa moshi mweusi, na wewe utadhani umeuziwa mbovu. Nunua yenye nguvu ya ziada, au yenye tabochaja.

Kwa parachichi, injini ya kuchoma mafuta ndani ya chumba cha matunda ni kosa. Moshi wake una ethilini, gesi ileile ambayo tunda lenyewe hutoa linapoiva. Parachichi la Rungwe au Njombe linalotakiwa kusafiri wiki kadhaa kwenye ubaridi halafu liivie mezani kwa mnunuzi, unaliivisha ghalani bila kujua. Hata ya gesi haina nafuu katika hili. Kwa matunda, chai na chakula chochote kinachonyonya harufu, tumia umeme.

Umeme nao una masharti yake. Betri ya asidi inahitaji saa nane hivi za kuchaji na muda wa kupoa, kwa hiyo kazi ya usiku na mchana inataka betri mbili. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi inayokusanyika chini ya paa na kulipuka kwa cheche; sehemu ya kuchajia iwe na matundu ya hewa juu, na mtu asiwashe sigara hapo. Maji yaliyosafishwa huongezwa baada ya kuchaji, siyo kabla, maana asidi huvimba ikichajiwa na ikimwagika inakula sakafu na viatu. Baridi pia hupunguza kazi ya betri. Asubuhi za Juni na Julai kule Njombe na Makete usishangae ikikuishia mapema kuliko ilivyokuwa Desemba.

Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji chaja ni ya umeme wa fezi moja au tatu. Nimemwona mzee mmoja ameleta mashine nzuri sana kwenye ghala lenye fezi moja, ikakaa miezi ikisubiri nguzo.

Na zile ndefu zinazopanda mita kumi?

Hizo ni richi-traki. Mlingoti wake unasogea mbele na kurudi, zinafanya kazi kwenye njia nyembamba zenye rafu ndefu. Zinataka sakafu iliyonyooka kama meza, kwa sababu tofauti ndogo chini inakuwa kubwa mno huko juu. Kwa maghala mengi ya huku, bado. Jenga sakafu kwanza.

Nashusha kontena Tunduma na sina rampu. Nifanyeje?

Kontena likiwa juu ya trela, sakafu yake iko karibu mita moja na nusu kutoka ardhini. Njia tunayoitumia ni kutumia mashine mbili. Foklifti inabaki chini. Inanyanyua hendipaleti tupu na kuiingiza ndani ya kontena, vijana wawili wanaingia, wanavuta paleti moja moja hadi mlangoni, foklifti inaichukua hapo. Kontena la futi 20 linaingiza paleti 10 za mita 1 kwa 1.2, kikosi kilichozoea kinalimaliza bila kukimbizana.

Kabla mtu hajaingia ndani, weka kabari kwenye matairi ya trela, breki ivutwe, na ufunguo wa gari uwe mfukoni mwa msimamizi wa ghala, asibaki nao dereva. Foleni ya mpakani ikisogea, dereva naye husogeza gari bila kufikiri.

Ukiwa na rampu ya chuma na unataka foklifti iingie ndani, piga hesabu mbili. Ya kwanza ni urefu: mlango wa kontena la kawaida ni mita 2.28, hivyo mlingoti ukiwa umeshushwa uwe chini ya hapo, na uwe wa aina inayoinua meno kwanza kabla mlingoti haujarefuka, la sivyo utatoboa paa. Ya pili ni uzito: foklifti ya tani 2.5 yenyewe inakaribia tani 4. Ukiongeza mzigo, rampu inabeba zaidi ya tani 6.

Niko Mafinga, nafanya mbao. Foklifti ya ghalani itanifaa?

Matairi madogo magumu yatazama kwenye tope la Machi mpaka uivute kwa trekta. Uwanja wa mbao unataka mashine ya matairi makubwa ya upepo, au trekta lenyewe lililofungwa meno mbele. Tanua meno kadiri yanavyokwenda ili bunda la futi 12 lisicheze. Na usikadirie uzito kwa macho: paini mbichi iliyotoka kupasuliwa inaweza kukaribia mara mbili ya uzito wa iliyokauka, bunda likiwa na ukubwa uleule.

Kuna haja gani ya paleti, si nipange magunia chini kama siku zote?

Sakafu ya zege hupitisha unyevu kutoka ardhini. Mahindi yaliyolala chini yanaupata, gunia la chini linaota ukungu, na ukungu ndio huleta sumukuvu. Paleti inaacha hewa ipite. Acha pia nafasi ya mtu kupita kati ya mzigo na ukuta, ili uone panya, mchwa na maji ya paa kabla hasara haijawa kubwa.

Kama mzigo unavuka kwenda nje ya nchi juu ya paleti za mbao, hizo mbao ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30 mfululizo, au kutibiwa kwa njia nyingine inayokubalika, na zigongwe mhuri wa kimataifa wenye alama ya suke la ngano. Ya joto inaandikwa HT. Paleti isiyo na mhuri inaweza kukuzuilia mzigo mzima, hata kama ndani kuna kahawa bora ya Mbozi.

Foklifti ya mtumba kutoka Japani, nikague nini?

Nenda nayo ikiwa baridi. Muuzaji akiiwasha kabla hujafika, gusa injini. Kama ni ya moto, rudi kesho.

Anza na meno. Pima unene wake pale kwenye kona, jino linapopinda, linganisha na unene wa sehemu ya wima isiyosuguliwa. Likiwa limeliwa asilimia 10, uwezo wake umeshuka kwa takribani asilimia 20 na linatakiwa kutupwa. Usikubali lililochomelewa. Kisha minyororo ya mlingoti: ikirefuka asilimia 3 imekwisha, na kutu kati ya viungo ni dalili mbaya. Halafu nyanyua mzigo halisi mita mbili, zima injini, weka alama ya chaki kwenye mlingoti, kanywe chai. Ukirudi baada ya dakika kumi, mzigo ukiwa umeshuka sana, sili za silinda zimechoka au valvu inavuja. Saa zilizoandikwa kwenye dashibodi nazitazama mwisho. Kiti kilichochakaa na pedali ya breki iliyolika husema umri wa mashine kuliko saa.

Nani aruhusiwe kuendesha?

Aliyefundishwa mashine hiyo, akapimwa, na jina lake likabandikwa ukutani. Leseni ya lori haimfundishi mtu foklifti, maana hii hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, na mkia wake hufagia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wa watu na mitambo yake. Usisubiri ajali ndipo uwafahamu watu wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Waite wakague vifaa vyako vya kuinulia ukiwa na amani.

Mambo ninayomrudishia dereva mpaka ayaote: meno yakae sentimita 15 hadi 20 kutoka chini wakati wa kutembea. Kwenye mteremko, mzigo utazame juu siku zote, hivyo unashuka kinyumenyume. Ukiwa mtupu, meno yatazame chini. Mtu asipande juu ya meno, hata kwa dakika moja ya kubadilisha balbu. Na mashine ikipinduka, asiruke. Mkanda uwe umefungwa, ashike usukani, akaze miguu, aegemee upande ulio kinyume na inakoangukia. Wanaokufa wengi ni wale wanaoruka na kufikiwa na paa la mashine.

Vijana wangu wanaobeba magunia wanaogopa mashine itawafukuza. Niwaambie nini?

Waambie ukweli, na uamue vizuri. Gunia la kilo 100 begani mwa mtu mmoja si kazi ya binadamu. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima anayebeba mwenyewe. Sisi tunabebesha karibu mara mbili, na lumbesa ikiongezwa juu yake, ambayo Wakala wa Vipimo wanaikataza, hata gunia halijulikani lina kilo ngapi. Nawajua wanaume wa miaka arobaini hapa Mbeya ambao hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Mashine haifungi magunia kwenye paleti, haihesabu, haitambui gunia lililolowa. Nilipoleta staka ya kwanza, kijana wangu mzoefu kuliko wote ndiye niliyempeleka kujifunza. Alikuwa anajua kwa kutazama tu paleti ipi itaegemea, maana alikuwa amebeba kila aina ya gunia kwa mgongo wake.

Hendipaleti inapampu lakini haipandi. Nimwite fundi?

Bado. Mara nyingi hewa imeingia kwenye mafuta, hasa kama ilisafirishwa ikiwa imelazwa. Bila mzigo, shikilia kile kijiti cha kushushia kwenye mpini huku ukipampu mara kumi hadi kumi na tano, kisha achia ujaribu. Ikigoma, fungua kizibo uangalie mafuta. Tumia mafuta ya haidroliki mepesi, namba 32. Mafuta ya breki yataziua sili. Ikipanda halafu ikashuka taratibu yenyewe, hapo sili zimechoka, na hiyo ndiyo kazi ya fundi. Mpelekee jeki nzima, usimpelekee silinda peke yake.